Mwaka Serikali Ilipotaka Kupendwa kama Simu

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imehamia ghorofa ya nne katika jengo lenye ghorofa tatu. Msomaji akidhani anaifahamu, hiyo ni shauri yake. Mimi naitwa Mfaume, mpiga chapa mstaafu wa Wizara ya Shangwe za Taifa, na maisha yangu yote nimeandika nilichoambiwa niandike. Leo peke yake ndiyo naandika bila kuambiwa, kwa hiyo mnivumilie nikikosea.

Mambo yalianza siku ya Sikukuu ya Uhuru. Mkuu wa nchi, tuliyemwita Mkuu wa Wakuu kwa sababu cheo cha Mkuu tu walikuwa nacho watu wengi mno, alifika uwanjani saa tatu asubuhi. Akakuta bendi, askari, mabalozi wawili wanaosinzia, na majukwaa matupu. Alipunga mkono kwa dakika nzima kabla hajatambua kwamba anapungia viti.

"Wananchi wako wapi?" alimuuliza Waziri wa Shangwe, Mheshimiwa Tindwa.

"Wako kwenye foleni, Mkuu. Leo imetoka simu mpya ya Zumari."

"Nani kawalazimisha?"

"Hakuna, Mkuu."

"Wamepewa fulana?"

"Hapana, Mkuu."

"Pilau?"

"Wamekuja na vyakula vyao. Wengine wako pale tangu Jumanne, na mikeka yao, wanaimba."

Mkuu wa Wakuu alivitazama tena vile viti. Waliokuwa karibu wanasema machozi yalimlengalenga, na mimi naamini. Mtu ametawala miaka ishirini na sita kwa fulana na pilau, halafu anaambiwa ipo kampuni inapendwa bure, tena wapenzi wake ndio wanaoilipa. Hata mimi ningeumia.

"Nataka kupendwa hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Nileteeni ripoti."

* * *

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Mapenzi ya Zumari. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, mwenyekiti Mheshimiwa Tindwa, mpiga chapa mimi. Wajumbe walikwenda nchi inakotengenezwa simu hiyo wakakaa miezi minne. Walirudi wamenenepa, kila mmoja ana kava jipya la simu, na taarifa yao ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza chakula cha mchana. Wa pili ulieleza chakula cha jioni.

Siku ya kukabidhi ripoti ikakaribia na hatuna kitu. Ndipo mjumbe mmoja, katika kutafuta upepo dirishani, akaona watu wamesimama mstari chini ya ngazi za jengo la Posta, mkabala kabisa na wizara yetu.

"Pale pana nini?"

"Pale pana banda la Bi. Siwema," nikasema. "Anauza kava na chaji za Zumari, na anatengeneza zikiharibika."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu, Mheshimiwa."

Basi nikatumwa nivuke barabara. Miezi minne ya ndege na hoteli, na jibu lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni petu. Kuyasema hayo si kazi niliyoajiriwa.

Bi. Siwema alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, na miwani aliyoifunga kwa uzi. Kiwanda cha redio alichofanyia kazi kilipokufa, aliokota mbao na mabati yake akajijengea banda lile kwa mikono yake. Humo ndani kulikuwa na chuma chake cha kulehemu na kioo cha kukuzia alichopewa na fundi mkuu siku kiwanda kinafungwa. Bila kioo kile haoni ndani ya simu. Maisha yake yote yalikuwa mle, na mle hamkuzidi upana wa kitanda.

Nilimkuta anabandika protekta kwenye simu ya dada mmoja. Akiwa kwenye kazi hiyo hakuruhusu mtu amzungumzishe. Alifuta kioo, akakipulizia pumzi moja, akalaza protekta, akasukuma mapovu kwa ukingo wa kadi ya zamani ya maktaba hadi povu la mwisho likatoka. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Haya kaka Mfaume, imeanguka tena?"

"Leo nimetumwa na serikali. Inataka kujua kwa nini watu wanaipenda Zumari."

Akacheka mpaka akashika meza. "Serikali imekosa la kufanya. Haya andika. Kwanza ni chaji. Ukiwa na Zumari, popote ulipo hukosi chaji. Msibani, harusini, ofisini kwa watu, unauliza tu, nani ana ya Zumari, anatokea mtu humjui anakuazima. Mkirudishiana mmeshakuwa watu."

Nikaandika.

"Pili ni hizi nguo zake. Simu mtu ananunua moja, lakini kava atabadilisha mpaka achoke. La kazini, la Idi, la kumkomoa wifi yake. Mtu akishasimama hapa nusu saa anachagua kava, ujue huyo hahami. Simu imeshakuwa yake, si ya dukani tena. Tatu, ikiharibika yuko wa kumpelekea. Mimi niko hapa, na mwenzangu yuko stendi, na mwingine yuko sokoni. Haumwi peke yake. Na nne—"

"Bi. Siwema, fomu ina mistari mitatu."

"Basi hii usikie tu. Anayetaka kuhama anahama. Wapo wanaoniletea chaji zao niwauzie, wanakwenda simu nyingine, na siku wakirudi nawakaribisha. Ukimfunga mtu hujui kama anakupenda."

Nilimsikia vizuri. Lakini fomu ilikuwa na mistari mitatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeichapa.

* * *

Tume iliyasoma maneno ya Bi. Siwema kwa kina. Kwenye jambo la kwanza, wajumbe walielewa kwamba mapenzi yanatokana na chaji. La pili, kwamba yanatokana na kava. La tatu liliwasumbua kidogo, wakalijadili siku mbili, wakaafikiana kwamba siri kubwa ya Zumari ni kuharibika. Kitu kisichoharibika hakikumbukwi, alisema Mheshimiwa Tindwa, na akaagiza sentensi hiyo ichapwe kwa herufi kubwa.

Ndivyo ilivyozaliwa Kadi Hai, kitambulisho kipya cha uraia chenye betri.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Mheshimiwa Tindwa, ambaye hatukuwahi kumwona bila tai, alipanda jukwaani na fulana nyeusi na raba nyeupe, tumbo limetangulia, akatembea kutoka upande huu hadi ule kama mtu aliyepoteza funguo.

"Ndugu watumiaji wa taifa hili," alisema. "Zamani raia alizaliwa, basi. Akawa raia hadi kufa bila kufanya chochote. Huo ulikuwa uraia mfu. Leo tunawapa uraia wa kuchajiwa."

Akainua kadi. Ilikuwa na kioo kidogo chenye picha ya Mkuu wa Wakuu, na nyuma ya bega lake, kwa mbali, uso wa mwenye kadi. Ubavuni kulikuwa na tundu la pembe tano ambalo chaji yoyote duniani haiingii isipokuwa ya serikali. Mwenye asilimia hamsini kwenda juu alikuwa raia kamili. Ishirini hadi arobaini na tisa, raia wa kawaida. Chini ya hapo, mkaazi. Asiye na chaji kabisa, sheria ilisema, ni mtu tu.

Kava za kadi zilitolewa kwa rangi tatu: kijani, kijani iliyokolea, na kijani ya viongozi. Kuazimana chaji kulipigwa marufuku, maana kampuni gani inakubali mteja aponee kwa jirani. Na kadi ilitengenezwa ife, yaani ishuke ghafla hadi sifuri, kila baada ya miezi mitatu, ili wananchi wapate nafasi ya kuikumbuka serikali yao. Chaji ikipungua au kadi ikifa, ipelekwe chumba namba sita, wizarani, Jumatano, kabla ya saa nne.

Maisha yakabadilika upesi. Hospitalini nesi aliuliza asilimia kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Shuleni watoto wa wazazi wenye chaji ndogo walikaa nyuma. Bwana harusi mmoja alizimika mbele ya kadhi, namaanisha kadi yake, na kadhi akabaki amefungua kitabu hajui anamwozesha nani. Siku ya Jumatano mstari wa chumba namba sita ulifika sokoni, na humo ndani alikuwemo karani mmoja na chaji moja, waya wake umefungwa plasta.

* * *

Bi. Siwema hakutaka ugomvi na mtu. Mama mmoja mjamzito alimjia ana asilimia mbili, analia, na Bi. Siwema hakuweza kumtazama akilia. Alichukua chaji kuukuu ya Zumari, akaisugua kichwa kwa tupa, akachomeka vipande vya ubavu wa mwavuli, na ikaingia kwenye lile tundu la pembe tano kama vile vilizaliwa pamoja. Baada ya robo saa yule mama alikuwa raia wa kawaida, akaenda kujifungua.

Habari hizo hazikukaa. Kufikia mwisho wa wiki mstari wa banda la Bi. Siwema ulizunguka Posta yote. Alitengeneza chaji, alifufua kadi zilizokufa, alishona kava za vitenge na za ngozi ya kandambili, nyekundu, buluu, madoadoa. Watu wakaanza kuipenda Kadi Hai. Nasema kweli, niliwaona wakionyeshana kava zao. Mheshimiwa Tindwa alipouona mstari ule kutoka dirishani alimpigia simu Mkuu wa Wakuu, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Wamepanga mstari, Mkuu. Na wanaimba."

Kisha akashuka kuwasalimia, akagundua wamepanga kwa nani.

Kesho yake banda lilipigwa lakiri. Tangazo nililichapa mimi: LIMEFUNGWA KWA SHANGWE. Kosa lake lilikuwa kuuza vifaa vya uraia visivyo asili. Kwa sheria hiyo, kama waziri hatasaini kulifungua kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili, banda na vyote vilivyomo vitapewa wakala rasmi wa Kadi Hai, ambaye kwa bahati tu alikuwa shemeji wa Mheshimiwa Tindwa. Shemeji huyo alishakuja kupima mlango.

Nilivuka barabara kumpa pole. Alikuwa ametandika kanga chini, mbele ya mlango wake mwenyewe uliofungwa, anauza kava tatu zilizokuwa zimebaki mkobani.

"Kioo changu kimo ndani," akaniambia. "Chuma changu kimo ndani. Wakimpa yule bwana, atavitupa, hajui hata ni vya nini. Kaka Mfaume, yale niliyokueleza uliyaandika yote?"

"Karibu yote," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani, akarudi kupanga kava zake. Nimewahi kukaripiwa na mawaziri saba na sikuona aibu kama niliyoiona siku ile.

* * *

Siku zikaenda, ikafika Alhamisi, siku moja kabla banda halijachukuliwa. Asubuhi hiyo Mheshimiwa Tindwa alikuwa na kikao kwa Mkuu wa Wakuu. Langoni mlinzi akagusisha Kadi Hai ya waziri kwenye mashine. Mashine ikasema sifuri.

Kadi ilikuwa imetimiza tena miezi mitatu. Chumba namba sita kilifungwa jana saa nne.

"Mimi ni waziri," alisema Mheshimiwa Tindwa.

"Ulikuwa," alisema mlinzi kwa adabu. "Waziri lazima awe na chaji. Sifuri ni mtu tu. Sheria ina sahihi yako, mzee."

Mheshimiwa akageukia gari lake. Dereva alishashusha kioo. "Mzee wangu, mimi ningekuchukua, ila gari hili ni la waziri." Na msafara ukaondoka kwa ving'ora, pikipiki mbele, pikipiki nyuma, kiti cha katikati kitupu, na watu barabarani wakakipungia kama kawaida.

Alitembea kwa miguu hadi mjini. Mimi nilikuwa wa saba kwenye mstari wa Bi. Siwema, ambaye bado alishona kava na kubandika protekta pale nje juu ya kanga yake, na kava langu limechanika, nilipomwona anakuja na mkoba wake, viatu vina vumbi, jasho limechora ramani mgongoni.

"Bi. Siwema," alisema, "nchi inakuhitaji."

"Shikamoo," alijibu Bi. Siwema, maana adabu haikufungwa na lakiri. "Vifaa vyangu vimo ndani, Mheshimiwa. Kufungua inatakiwa sahihi ya waziri."

"Mimi ndiye waziri."

"Hujawa bado. Huna chaji."

Mheshimiwa Tindwa aliutazama mlango, akaitazama kadi, akautazama tena mlango. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama upande wa nje wa sheria zake, na hakupapenda.

"Niazime chaji," alisema kwa sauti ndogo. "Yoyote. Nikiwaka tu, kitu cha kwanza nasaini, nafungua banda lako. Nakuapia mbele ya watu hawa."

Mstari wote ukasogea kusikia. Kuazima ilikuwa kosa la jela miezi sita. Lakini pale Posta mtu hakuwahi kunyimwa chaji, hata kama jana mlitukanana, na Bi. Siwema alikuwa mtu wa pale. Akatia mkono mkobani, akatoa chaji ya mwisho yenye ubavu wa mwavuli na pawabenki iliyobaki taa moja. Akachomeka. Tukasubiri. Mimi niliandika hati ya kufungua banda hapo hapo, kwa mkono, juu ya goti langu, na mistari niliiacha mingi.

Kioo kikawaka. Asilimia tatu. Sheria iko wazi: asilimia tatu ni sahihi moja, maana waziri husaini kwa kubonyeza kidole juu ya kadi, na kubonyeza kunakula betri.

Nikamwekea hati mbele. Akaisoma. Kisha akafungua mkoba wake akatoa karatasi nyingine, nzuri, yenye mhuri wa dhahabu. Ilikuwa hati ya kujiongezea uwaziri miaka mitano, aliyokuwa anaipeleka kikaoni.

"Bi. Siwema," alisema, na sauti ya jukwaani ikamrudia, "kiongozi asiye na uhakika wa kazi yake hawezi kumhudumia mwananchi. Nianze na hii, halafu yako nitaishughulikia kwa utulivu."

Akabonyeza kidole. Kadi ikalia, ikawaka kijani mara moja, ikashuka hadi sifuri. Taa ya pawabenki nayo ikazima.

Bi. Siwema aliinama juu ya kadi. Alichomoa chaji, akakunja waya taratibu, akaurudisha mkobani. Uso wake niliufahamu, ndio ule aliokuwa nao mteja akimdanganya kwamba simu haikuingia maji. Mimi nilitamani kulia kwa hasira, na karatasi yangu ilikuwa bado gotini haina sahihi.

Ndipo wakaja askari wawili wa doria ya uraia, wakimkagua kila mmoja. Walipofika kwa Mheshimiwa Tindwa, mkubwa wao akatikisa kichwa.

"Sifuri. Una watu, mzee? Sheria inaruhusu waaminifu wako wawili wakudhamini, unakwenda nyumbani. Wasipokuwepo, twende kituoni."

Mheshimiwa Tindwa akageuka. Tulikuwa watu kama hamsini pale, na wote tulimjua. Uso wake ulikuwa kwenye kalenda za nyumbani kwetu. Kila mmoja akakumbuka kuangalia kava lake. Mimi langu lilikuwa limechanika pembeni, nikaliangalia kwa makini sana.

"Mfaume," akaniita.

Miaka thelathini na moja niliitika jina hilo kutoka mdomoni mwake na wenzake. Siku ile sikuitika.

"Bi. Siwema," akasema, "wewe mwanamke wa heshima, waambie unanifahamu."

"Ninamfahamu, afande," alisema Bi. Siwema. "Ni yule aliyefunga banda langu."

"Aliyefunga banda ni waziri," alisema askari. "Huyu ni mtu tu. Ninachouliza mimi, kuna mwaminifu wake hapa?"

Bi. Siwema akaangalia mstari wake, kuanzia mbele hadi ulipokata kona ya Posta.

"Waaminifu wapo wengi," alisema. "Ila wote ni wa simu, si wake."

Akavuta kanga ikakaa sawa, akafuta kioo cha miwani, akanyoosha mkono mbele.

"Haya, nani anafuata?"